Wageni Elfu Kumi wa Mama Hadjara

Vita vilikuwa vimefunga mengi Butembo mwaka ule, ila ujanja ulifungua matawi kila kona. Stanislas, bwana wa koti la ngozi na maneno laini, aliona pikipiki nyekundu mbele ya duka la Mama Hadjara, muuza vitenge, na roho yake ikatekwa palepale.

"Mama, vitenge yako inaonwa na batu ba Butembo tu. Niiweke kwa internet, dunia yote itaingia humu. Kila mutu akifungua page yako, ile compteur ya chini, ya kuhesabu bageni, inapanda. Ikileta bageni elfu kumi, pikipiki ni yangu."

"Na basipofika?"

"Unabaki nayo. Lakini batafika, Mama. Mungu ni mukubwa."

Mungu, maskini, alikuwa na shughuli zingine.

Hadjara alikubali upesi mno. Mjanja mwenye akili angeogopa. Huyu alikuwa tayari anapima kiti cha pikipiki kwa macho. Akaitengeneza page, na kwa kuwa Butembo alijulikana hadi na mbuzi, akaenda Beni, kwenye cyber ya binti mpole aitwaye Nasiba. Hapo, tangu asubuhi hadi jenereta izimwe, kidole chake kimoja kikawa Ulaya, Dubai na Uchina: fungua, funga, fungua. Pesa ya kulipia mashini ikaisha. Akaweka rehani redio yake, kisha ordinateur, yaani kompyuta yake, kisha koti. Nasiba akapokea vyote kwa heshima.

"Tumika tu kazi polepole, kaka."

Compteur ilipogonga elfu kumi, Stanislas alipanda Butembo mbio, akitetemeka na baridi ya milimani, akicheka peke yake.

Hadjara akafungua daftari. "Elfu kumi, kweli. Bangapi baliuliza bei?"

"Bei? Mama, kwanza banaangalia."

"Sokoni, kumi bakipita, babili banashika kitenge, mumoja anauliza bei. Hawa bako bila mikono?" Akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Wiki iliyopita barabara ilifungwa siku tatu juu ya masasi ya bunduki, jenereta ya Beni ikakosa mafuta. Siku tatu hizo, compteur yako: zero. Batu ba Ulaya nao banangojea mafuta ya Beni?"

"Mama... ulijuaje?"

"Mafuta inaenda na lori yangu. Cyber ni yangu. Nasiba ni mudogo yangu, kila jioni ananipa hesabu kwa redio ya phonie. Mugeni ni mumoja, bwana. Amerudia mulango mara elfu kumi, na kila mara amelipa kiingilio."

Wateja dukani wakashika mbavu. Stanislas akatazama viatu vyake, mali pekee iliyombakia.

"Compteur yako tumeitoa," Hadjara akaendelea. "Tumeweka namba ya simu, tunahesabu benye kuuliza bei. Jana mumoja wa Kampala. Huyo anapita elfu kumi yako yote."

"Na koti yangu, Mama?"

"Iko kwa page, imetoka picha muzuri sana. Uliza bei. Utakuwa wa pili."