Kishikwambi Chembamba Kilivyoniposea Kamachumu

Jamani, leo sina uso. Nimeuacha Kamachumu, sebuleni kwa watu, juu ya majani mabichi.

Naandika nikiwa kitandani kwangu hapa Kahororo, saa kumi na moja jioni, viatu bado viko miguuni. Nguvu za kuvivua sina.

Nianze mwanzo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kumposa Renatha wangu. Siku niliyoiota miaka miwili (hata rangi ya soksi nilikuwa nimeshaiota). Mshenga wetu ni baba mdogo, Ta Projesti (Ta kwetu ni kama Bwana). Huyu mzee anaimba besi kwenye kwaya ya kanisani. Akisema tu "Bwana asifiwe", vikombe kabatini vinaitikia. Kwa kina Renatha wanamjua, alishatangulia mara moja kupeleka salamu, wakampenda.

Asubuhi nikampitia kwake. Akafungua mlango. Akanionyesha koo kwa kidole.

"Baba mdogo, shikamoo. Vipi tena?"

"Hhhhh... mpira."

Jana alikwenda kushangilia mechi ya kata. Sauti yote kaiacha uwanjani, kwa timu ambayo hata haikushinda!

Hapa mtu mwenye akili zake angepiga simu kuahirisha. Mimi nikatabasamu. Kwa sababu mimi nilikuwa na kishikwambi.

Hiki kishikwambi nacho kina habari yake. Zamani nilikuwa na sabufa. Sabufa nzito, ya mbao, ikipiga besi jirani anajikuta anasali. Nikabadilishana na jamaa mmoja stendi, nikachukua kishikwambi chembamba ajabu. Chembamba mpaka unaweza kukatia parachichi. Ndoto yangu ni kuwa mtangazaji (msicheke, bado hatujafika pa kucheka), nikaona ofisi yangu ndiyo hii. Kina kasoro moja tu. Sauti nene ikipita kwenye spika, mgongo wote unatetema. Zzzzzzz! Kama umefungia senene, wale panzi wetu wa kuliwa, kwenye kopo la bati. Inaudhi, inatia kichefuchefu, lakini nikajiambia nitazoea.

Sasa, wiki iliyopita baba mdogo alikuja kwangu kufanya mazoezi ya hotuba ya posa. Nikamrekodi yote, iwe kumbukumbu kwa wanangu. Hotuba ile nimeisikiliza mara nyingi, ila sijawahi kufika mwisho. Nikifika pale anaposema, "Mama yake marehemu angekuwepo leo, angeingia hapa anacheza," machozi yananitoka, nazima. (Likumbukeni hili. Ndilo lililonizika.)

"Baba mdogo," nikamwambia, "sauti yako ninayo hapa."

Akaniangalia. Akakiangalia kishikwambi.

"Hhhh," akasema.

Nikaichukua kama ndiyo.

Saa tano tuko Kamachumu. Sebule imetandikwa majani mabichi, inanukia. Tukakaribishwa, kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kikapita na kuwekwa mezani, madumu yetu ya lubisi, pombe ya ndizi ya heshima, yakapokelewa. Mbele yetu kakaa baba yake Renatha, Ta Deo. Mzee mrefu, mpole wa maneno, mwenye nyusi nene. Pembeni yake shangazi yake Renatha, ambaye kazi yake siku kama hii ni kutuchokonoa. Renatha mwenyewe yuko chumbani na wanawake wenzake, nyuma ya pazia. Chini ya pazia nikaona vidole vya miguu. Vyake vile!

Desturi mnaijua: mposaji hasemi. Anakaa kama mzigo ulioletwa. Mdomo ni wa mshenga. Kwa hiyo nikanyanyuka bila neno, nikakiweka kishikwambi mezani, nikabonyeza. Baba mdogo naye akasimama, akaweka koti sawa, akaanza kuchezesha midomo kufuatisha sauti yake mwenyewe.

"Kaboneka waitu," kikaamkia kishikwambi kwa Kihaya, yaani shikamooni wakubwa.

Wazee wakaitikia! Hata shangazi. Nikaona mambo ndiyo haya.

"Tumekuja na kijana wetu Evodi, kijana mtulivu, asiye na kelele zzzzzzZZZZZ!"

Meza ilikuwa ya mbao nyepesi. Ikaudaka mtetemo wote. Kahawa kikapuni zikaanza kucheza. Na kishikwambi chenyewe kikaanza kutembea! Taratibu, kwa adabu, kuelekea kwa Ta Deo, kama kinakwenda kumpa mkono.

"Mawe! Mama yangu!" Shangazi akaruka. "Mmetuletea senene?"

"Msimu bado," akasema Ta Deo, bila kucheka.

"Basi nyuki!"

Ta Deo akanyanyua mkono. "Tulieni. Mshenga, hebu rudia. Kijana mmesema anaitwa nani?"

Mashine haijui kusubiri.

"...na huko kwao Buganguzi anacho kibanja zzzzz migomba zzzzz kahawa zzzzzz..."

"Namuuliza mtu, ananijibu mdudu," akasema Ta Deo.

Baba mdogo akaongeza bidii. Sasa alikuwa anatumia na mikono, anaonyesha ukubwa wa kibanja, lile shamba la nyumbani, midomo iko nyuma ya sauti kwa sentensi nzima.

Nikakinyanyua, nikakitandikia leso. Zzzzz. Nikakishika pembeni kwa ncha za vidole. Zzzzz, na meno yangu yakaingia kwenye hotuba. Nikapiga magoti, nikakilaza sakafuni kwenye majani, nikidhani majani yatameza kelele. Majani yakaanza kuchakarika. Kuku mmoja aliyekuwa mlangoni akaingia mbio, akasimama juu ya kishikwambi, kichwa upande, anatafuta cha kudonoa!

"Mnaona?" Shangazi akapiga kofi. "Hata kuku kasema ni senene!"

Nyuma ya pazia vicheko vikapasuka. Vidole vya Renatha vikajikunja. Mimi machozi yakaanza kunilengalenga. Miaka miwili, ndugu zangu! Soksi za rangi ile ile niliyoiota! Na yote yanaliwa na kuku.

Basi, kwa kukata tamaa, nikamfukuza kuku, nikakiokota kishikwambi, nikakikumbatia. Kioo tumboni, viganja viwili mgongoni, nikakandamiza kwa nguvu zote alizonijalia Mungu.

Kimya. Mtetemo ukafa.

Sauti ya baba mdogo ikatoka safi, nzito, tamu, kama yuko kanisani. Tumbo langu limegeuka sabufa!

"...Mama yake marehemu angekuwepo leo, angeingia hapa anacheza."

Shangazi akaweka mkono kifuani. Ta Deo akatikisa kichwa polepole, kile kichwa cha kukubali. Mimi nalia, natabasamu, nakandamiza. Nikasema moyoni: Evodi, umeoa.

Hotuba ikaisha. Na mimi, kwa furaha, nikabaki nimekikumbatia tu. Si niliwaambia sijawahi kufika mwisho?

"Haya," ikasema sauti ya baba mdogo, safi kama kengele. "Umeionaje?"

"Nzuri mno," ikajibu sauti yangu. Yangu mimi. Sikuzima kurekodi siku ile!

"Hapo kwenye kibanja nimepaka mafuta kweli kweli. Kibanja gani? Migomba tisa, na mitatu imeanguka."

"Watajuaje, baba mdogo? Ili mradi wasije kuangalia."

Nikakigeuza haraka nizime. Vidole vimelowa jasho, kioo hakinisikii. Nagusa, kinanitazama. Nikakimbilia kitufe cha pembeni, nikabonyeza. Kikaongeza sauti!

"Zzzzz unamwogopa zzzzz yule mzee?" kikauliza.

Mtetemo umerudi, nikashukuru Mungu, nikajua sasa hakuna kitakachosikika. Nilisahau jambo moja. Besi ni ya baba mdogo. Sauti yangu mimi ni nyembamba, haitetemeshi kitu.

"Anatisha!" nikasikika mpaka jikoni. "Umeziona nyusi zake? Kama brashi mbili za viatu! Lakini kwa Renatha mimi ningekuja hata kama baba yake angekuwa kiboko."

Hapo ndipo kikazima. Chenyewe. Kimemaliza kazi.

Baba mdogo alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, hajui tena afuatishe nini. Zile brashi mbili za viatu zikapanda juu, polepole, moja baada ya nyingine.

"Yote mliyokuja kuyasema," akasema Ta Deo, "sikuyasikia. Ambayo hamkuja kuyasema, nimeyasikia vizuri sana."

Akanigeukia mimi.

"Migomba tisa?"

Mposaji hasemi. Nikasema.

"Sita, waitu. Mitatu imeanguka."

Nyuma ya pazia mtu mmoja akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kile nakijua. Ndicho kilichonifikisha hapa.

Ta Deo hakutufukuza. Angetufukuza ingekuwa nafuu. Alichukua panga, akatoka nje, akaingia shambani kwake nyuma ya nyumba. Sisi tukabaki tunatafuna kahawa bila kuonja kitu. Akarudi na machipukizi manne ya migomba, udongo bado unadondoka, akaniwekea miguuni.

"Kapande. Siku mmoja kati ya migomba hii ukikupa mkungu, niletee huo mkungu. Na mshenga mwenye koo. Posa nitaisikiliza siku hiyo."

"Asante, waitu," nikasema.

"Na hicho kidude," akaongeza, "kibaki kwenu. Nyusi zangu hazikipendi."

Mgomba, ndugu zangu! Mwaka mzima mpaka uzae, tena mvua ikiwa na huruma! Njia yote ya kurudi kishikwambi kiko mapajani, kimya kama hakijui kitu, machipukizi yaliyo nyuma ya kiti yananigonga kisogo kwa kila shimo la barabara. Baba mdogo akanishika bega. "Hhhhh," akasema. Ndilo neno la faraja pekee nililopata leo.

Nilipofika hapa kitandani ujumbe ukaingia. Renatha. Nikaufungua. Nikajua ananiacha. Ulikuwa na neno moja tu:

"Mwagilia."

Kwa hiyo nawaomba. Mwenye samadi ya ng'ombe karibu na Buganguzi aniandikie leo leo. Mwenye kicheko akakichekee kwake, tena akikandamize tumboni nisikisikie.