Sahihi 618 za Kuokoa Bwawa

Jumanne, 4 Juni

Baraza la mji limeamua kulifunga bwawa la kuogelea mwezi wa tisa. Eti limechakaa. Mimi pia nimechakaa, mbona sijafungwa!

Nimekwenda kwa karani wa mji, Bi Achterberg. Kasema mwananchi anaweza kulipeleka jambo lake kwenye kura ya Novemba, mradi akusanye sahihi za asilimia kumi na tano ya wapiga kura walioandikishwa hapa Alder Fork. Yaani 618, kabla ya tarehe 3 Julai kwisha. Akanishauri nikusanye mia nane, maana nyingi huanguka kwenye ukaguzi. Nikamwambia Orrin Stubblefield hafanyi kazi ya ziada. 618 ni 618.

Bangoni nimeandika: KWA AJILI YA WATOTO WETU. Ukweli nausema humu tu. Kila Alhamisi nawafundisha Bi Imogene na wenzake mazoezi ya majini. Tangu mke wangu aondoke, hiyo ndiyo saa pekee ya wiki ambayo mtu hufurahi kuniona.

Ijumaa, 7 Juni

Mlangoni pa duka la vyakula nimemkuta Doreen Tveit. Meza, mbwa wawili, donati za bure. Anakusanya sahihi zake, anataka uwanja wa mbwa. Foleni kwake mpaka kwenye magari. Kwangu kaja mzee mmoja kuuliza choo kiko wapi. Nikamshikisha kalamu. Sahihi ya kwanza!

Mchana Doreen kanijia. "Babu Orrin, mbona hujanitilia sahihi? Tia basi, nikuachie mlango mpaka Jumapili."

Babu! Namzidi miaka minne tu. Nikatia bila kusoma, kwa mwandiko safi kabisa. Mlango wangu! Amekwisha, maskini, na hajui.

Alhamisi, 20 Juni

Akili nyingi huondoa maarifa, lakini si kwangu. Nimetundika karatasi kwenye chumba cha kubadilishia nguo pale bwawani, kalamu ikining'inia kwa uzi. Nimekaa mgahawani nakula pai, sahihi zinazaana zenyewe.

Bi Imogene kaniuliza kama sheria haisemi mkusanyaji amwone kila mtu akitia sahihi kwa macho yake. Nikamjibu kuwa sheria hiyo ni ya watu wasioaminika. Akavaa kofia yake ya kuogelea.

Jioni nikazihesabu: 94! Mmoja kajiandika "Nyangumi", makazi: upande wa kina kirefu. Nimemwacha. Mimi ni nani hata nihukumu majina ya watu?

Jumatano, 3 Julai

Nimewasilisha. Saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni, 618 kamili! Doreen alikuwa akitoka, kapeleka 1,040. Akaniuliza nimeweka akiba ngapi. Nikamwambia akiba ni ya waoga. Akacheka mpaka mbwa wakabweka.

Ijumaa, 12 Julai

Sahihi halali: 409.

Zote za chumba cha nguo zimetupwa. Nyangumi, kumbe, hakujiandikisha. Wengine wanakaa mji wa pili, walikuja kununua maziwa tu. Baba mmoja kamtilia mkewe sahihi, na mkewe hataki hata kusikia habari za bwawa.

Halafu Bi Achterberg akakohoa, akanionyesha jina moja lililokatwa kwa wino mwekundu. Langu! Mpaka wa mji unafuata kijito, na nyumba yangu iko ng'ambo, hatua thelathini. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikilitukana baraza lisilo langu. Karatasi za kura za mji zilikuwa hazinifikii, nami nikadhani ni uzembe wa posta.

Ombi la Doreen limepita. Karani akanisomea: uwanja wa mbwa, kwenye kiwanja cha bwawa. Cha bwawa! Nikasema mungu wangu, nilimtilia sahihi. Akanituliza: hata hiyo imekatwa. Sijawahi kufarijiwa vibaya namna hii.

Jumatatu, 15 Julai

Bi Imogene kaja na pai ya beri. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Orrin, ulisoma ulichotia sahihi?" Nikaitazama pai.

Akasema yeye na wenzake wamepata bwawa mji wa pili, Alhamisi zilezile, tena wanataka mwalimu. "Garini kuna nafasi moja," akasema, "ila mabango yako uyaache nyumbani." Sauti yake ilikuwa laini. Masikio yakaniwaka moto kama kijana.

Ningekubali. Lakini tangu Ijumaa nina jambo kubwa zaidi: mpaka wa mji usogezwe, nyumba yangu iingie ndani! Nilimpigia Bi Achterberg asubuhi. Kasema hilo halihitaji sahihi za umma. Mwenye nyumba hujaza fomu moja, baraza linaamua.

Fomu moja! Mtu mzima wa miaka sitini na saba, nijaze fomu kimyakimya kama naomba leseni ya mbwa? La. Wananchi watasema!

Nimempa Bi Imogene pole nyingi na sahani yake. Alhamisi sina nafasi hata kidogo. Ndiyo siku dukani kunapojaa watu.