Kitabu cha Visogo

Taifa zima litangaziwe, na asiyesikia aambiwe na jirani: kuanzia muhula ule, hakuna mtoto ambaye angeachwa nje ya kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza. Mnene kwa mwembamba, wa mjini kwa wa shamba, anayetembea na asiyetembea, wote ndani. Aliyetoa tangazo hilo ni Mkurugenzi wa Idara ya Vitabu vya Shule, ambaye makarani walimwita Bwana Ujumuishi, akishatoka chumbani.

Ieleweke kwamba Bwana Ujumuishi hakuwa na tamaa. Alitaka kitu kimoja tu: picha yake, ya rangi, uso mzima, ukurasa wa kwanza. Kila mtoto nchini angejifunza kusoma akianza na yeye. Mama mkwe wake, aliyewahi kusema binti yake kaolewa na suti, mtu hamna ndani, angekoma. Suti yenyewe ilishapigwa pasi.

Kilichobaki ni kuwaingiza watoto.

Mchoraji wa Idara, mama mwenye ulimi uliochongoka kuliko penseli yake, alileta picha ya watoto darasani. Kila mmoja na sura yake. Mmoja anacheka, mwingine anachokonoa pua, na katikati yao binti kwenye kiti cha magurudumu, anamnyang'anya mwenzake rula.

Kamati ikaketi. Chai ikamiminwa. Mjumbe mmoja akasema watoto wa nyuma wametengwa, basi wakapangwa mstari mmoja. Mwingine akaona mrefu anamdhalilisha mfupi, basi wakakatwa wakalingana. Kisha likaja suala la nyuso, na hapo chai ikapoa. Kila mjumbe aliitambua pua ya watu wa kwao, akalalamika kwamba imechorwa kwa dharau, halafu akaitambua ya watu wa kwa jirani yake, akalalamika kwamba imependelewa. Walipokaribia kushikana mashati, Bwana Ujumuishi akagonga meza, akatoa ufumbuzi: watoto wageuzwe. Wote watazame ubao, msomaji aone visogo. Na visogo vivishwe kofia, maana nywele nazo zina kwao.

Akabaki binti wa kiti. Akicheka, ilisema kamati, tunaficha shida zake. Akinuna, tunamtangazia huruma. Akipora rula, tunawachafulia jina wenzake. Ikaamuliwa kiti kibaki, yeye atolewe. Kiti kinajieleza.

"Sasa kila mtoto atajiona," akasema Bwana Ujumuishi.

Mchoraji akamtazama. "Mzee, wewe ushawahi kujiona kisogo?"

"Sijawahi."

"Haya basi."

"Ndiyo usawa wenyewe huo. Hakuna atakayejiona zaidi ya mwenzake."

Mchoraji akauliza, na ile ya ukurasa wa kwanza je, nayo aigeuze? Akajibiwa kwa upole, kama anavyojibiwa mgonjwa. "Mimi si mtoto, mama. Mimi ni utangulizi."

Siku ya uzinduzi Waziri alifika shuleni na msafara wa waandishi wa habari. Darasa lilipakwa rangi ule upande wa kamera tu. Idara ilitaka awepo mtoto wa kiti cha magurudumu, ikahangaika kumtafuta mji mzima, kumbe yupo shuleni hapohapo, kibarazani. Mlango wa darasa haukipitishi kiti chake, kwa hiyo husomea dirishani. Siku hiyo walinzi wa Waziri walimbeba juujuu, yeye na kiti chake, wakamweka mbele kabisa, penye rangi.

Waziri akainama, akamwambia aonyeshe yuko wapi kitabuni. Kamera zikasogea. Bwana Ujumuishi alishaanza kutabasamu.

Binti akafunua taratibu. Akaweka kidole. "Hiki kiti changu."

"Na wewe je, mwanangu?"

"Wamenishusha." Akafikiri kidogo. "Sijui wameniweka wapi, na mimi sitembei."

Akafunua tena, visogo, visogo, visogo, mpaka akarudi ukurasa wa kwanza. Akaugusa ule uso wenye tai. "Labda muulizeni huyu. Kila mtu kampa kisogo, lazima kuna kitu kafanya."

Watoto wakaangua kicheko. Wapiga picha wakafuata. Waziri naye akacheka, lakini Waziri hacheki bure mbele ya kamera. Alikuwa anatafuta pa kusimama, na akapaona.

"Mkurugenzi," akasema, "usawa wako nimeupenda sana. Geuka."

Bwana Ujumuishi akacheka, akidhani ni utani wa wakubwa.

"Geuka, baba. Nawe uingie."

Akageuka, akautazama ule ukuta uliopakwa rangi. Nyuma yake kamera zikamulika kisogo kipana, kipara kinachong'aa, bila hata unywele mmoja wa kukitetea.

Kwa amri ya Waziri, toleo la pili liliwageuza watoto wakatazama mbele, na pua zao zote, na binti akarudishwa kitini na rula yake mkononi. Ukurasa wa kwanza kikawekwa kile kisogo, cha rangi, jina na cheo chini yake. Bwana Ujumuishi alikata rufaa kwa kamati. Kamati ikanywa chai.

Sasa, mpe mtoto wa miaka saba penseli na kipara kitupu, halafu ukae utarajie adabu. Haukupita muda, nchi nzima kichwa kile kilikuwa na macho. Huyu kaweka mapengo yake, yule masikio yake, mwingine kovu lake la kuanguka na baiskeli. Binti wa kiti alijichora ulimi nje. Wakaguzi walizunguka shule kwa shule, wakarudi na ripoti fupi, ambayo Bwana Ujumuishi ilimbidi aitie saini kwa mkono wake: lengo la Idara limefikiwa kikamilifu. Kila mtoto yumo kitabuni, kwa sura yake mwenyewe, juu ya kichwa cha Mkurugenzi.