Talaka ya Kukwepa Kodi

Jumatatu, 4 Machi
Leo tumeachana rasmi, mimi na Mama Seulbi. Mahakamani dakika nne tu. Baadaye tukala supu ya tambi, nikalipa mimi.

Sababu ni nyumba mbili: tunayoishi hapa Bucheon, Korea, na ile ya Incheon niliyoipangisha. Familia yenye nyumba mbili ikiuza moja, serikali inameza karibu nusu ya faida. Yenye moja haiguswi. Basi! Yeye achukue ya Bucheon, mimi ya Incheon. Nikishauza, tunaoana tena. Na kuuza ni lazima. Kwa desturi ya hapa, mpangaji wangu halipi pango la mwezi. Badala yake alitoa amana nono ya kurudishiwa akihama, nami nikaitumia kununua nyumba hiyo hiyo. Mei anahama na anaitaka amana yote.

Mama Seulbi alitia saini upesi. Mwanamke msikivu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimehamia chumba cha kupanga karibu na stesheni. Ukifungua mlango, sharti ukae kitandani kwanza.

Dalali Ma, anayeniuzia nyumba, amenitia homa. Anasema watu wa kodi hawaamini talaka za siku hizi. Wanafuatilia kadi ya benki, simu, hata mahali unaponunua mboga. Wakikukuta kwa mkeo, kodi yote na faini juu. Kadi nimeificha ndani ya soksi.

Jumapili, 17 Machi
Njaa imenishinda. Nikavaa kofia na barakoa, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya kumi na moja, maana kwenye lifti kuna kamera. Namba ya siri ya kufungulia mlango ikakataa! Mama Seulbi akasema kwa ndani kwamba ameibadilisha. Afisa akija akakuta vidole vyangu vinaufungua mlango, tutajibu nini? Halafu akaniuliza kama nataka wote wawili tufungwe. Akanisukumia nje kopo la kimchi, kabichi yetu ya pilipili iliyochachushwa, akafunga.

Ana akili kuliko nilivyodhani. Nimekula nimesimama kwenye ngazi, nikisikiliza kila hatua ya mtu.

Jumanne, 2 Aprili
Watu wa kodi wamekuja! Afisa mwanamke, viatu vimeng'arishwa. Akahesabu miswaki: mmoja. Akafungua kabati: suruali mbili. Akauliza mara ya mwisho kula na mtalaka wangu ilikuwa lini. Nikasema sikumbuki, na jasho likanitiririka hadi kwenye karatasi zake.

Kumbe alishapita Bucheon. Alisema amekagua talaka nyingi, lakini hajaona ya kweli kama hii. Mama Seulbi alimsimulia kila kitu tangu mwaka wa arusi, saa mbili nzima, kwa chai. Kisha akanitazama kwa huruma, akaniambia nijitahidi kula.

Tumepona! Lakini saa mbili nzima alikuwa akisimulia nini?

Ijumaa, 10 Mei
Nyumba imeuzwa. Mpangaji kapewa amana yake, serikali haikupata hata senti. Nikanunua maua, nikachukua fomu ya ndoa, nikapanda lifti mchana kweupe.

Mama Seulbi alitoka akasimama mlangoni. Zamani aliniita Baba Seulbi. Leo aliniita Bwana Gu.

Akaisoma fomu yote, hata maandishi madogo. Akasema, "Bwana Gu, miaka ishirini na saba kila mpango wako umeharibika. Huu ndio wa kwanza uliofaulu. Mimi siuharibu."

Akachukua maua. Fomu akanirudishia. Nimelia kwenye ngazi. Naogopa kuzeeka peke yangu katika chumba hiki, naogopa sana.

Jumatatu, 13 Mei
Sikugusa chakula siku tatu. Dalali Ma akaja na wali uliofungwa kwa mwani, akaniambia niache kulia kama mjane, sijui bahati niliyo nayo. Mtu asiye na nyumba hata moja hupewa mkopo nafuu. Akiwa bwana arusi mpya, anatangulizwa kwenye foleni ya nyumba za serikali!

Nikamwambia sina bibi arusi. Akasema ana shemeji yake mjane, anaishi nyumba ya kupanga, hana makuu.

Nimepiga hesabu. Namwoa huyo shemeji, tunapata nyumba, tunaachana kwa amani, nyumba inabaki kwangu. Mama Seulbi akiiona, atarudi mbio. Tutakutana na shemeji kesho saa nne. Ndoa yenyewe itakuwa ya karatasi tu, sioni hatari yoyote.