Nilivyokataa Mahindi Makavu kwa Chupa ya Neema

Leo nimejiaibisha, tena kwa chupa ya mtoto. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nina hasira, na naandika haraka kabla shemeji hajarudi. Akirudi naanza naye.

Yeye ndiye chanzo. Wiki iliyopita Mama Mutale, yule mwenye ghala la mahindi kwenye barabara ya mpakani, aliweka tangazo kwenye status. Anatafuta dada wa kupokea mzigo, aliyemaliza kidato cha nne, na awe "decisive". Tangazo lote Kiswahili, neno moja tu Kiingereza. (Kidato cha nne nilimaliza. Kiingereza ndicho hakikumaliza na mimi.)

Nikamuuliza shemeji, mdogo wake mume wangu, aliyefika kidato cha sita na hatuachi kukumbushwa. Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Shemu, huyo ni mtu anayeamua papo hapo. Haulizi mtu. Harudi nyuma. Akisema hapana ni hapana."

Basi ni mimi huyo! Mimi nikimkataza mtu, anakatazika. Nikatuma maombi: "I am very decisive." Nikaitwa kwa majaribio ya siku moja. Nikifaulu, kazi yangu. Na nilivyoitaka! Tangu Neema azaliwe, mwaka na miezi miwili sasa, sijawahi kutoka asubuhi kwenda kufanya kitu kinachoitwa changu.

Saa mbili niko ghalani, Neema mgongoni, kwa ruhusa. Mama Mutale kwao Nakonde, hapo ng'ambo tu ya mpaka. Ni mfupi, anaongea polepole mpaka unatamani umsaidie. Akanionyesha mizani, meza na daftari. Akasema mashine ya kupimia unyevu iko kwa fundi, kwa hiyo leo tunapima kizamani: mahindi na chumvi kwenye chupa, unatikisa, unasubiri. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi mabichi. Ikidondoka yote, makavu.

"Una swali?"

"Sina, mama." (Mtu decisive haulizi.)

Akaenda kupeleka makaratasi yake forodhani.

Haijapita nusu saa, fuso hiyo kutoka Iyula. Juu ya magunia kakaa mzee mwenye kofia ya sufu, kayakumbatia utadhani anasindikiza bibi harusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie upesi, niwahi kurudi."

Nipime na nini? Chupa iko wapi? Wapakuaji wawili wamesimama wananitazama. Swali moja tu lingetosha, jamani, moja! Lakini maneno ya shemeji yananigongea kichwani. Nikaingiza mkono kwenye mkoba wa mtoto, nikatoa chupa ya maziwa ya Neema, niliyoiosha asubuhi hiyo hiyo. Chumvi nikachota kwenye kopo la muuza mayai pale getini, chumvi ya kienyeji kutoka Ivuna. Nikatia na mahindi ya gunia la juu, nikatikisa. Chumvi yote ikashika ukutani kama chokaa.

"Mabichi!" nikatangaza. Kusubiri? Nani asubiri!

Mzee akashuka na fimbo yake. "Haya ndiyo mabichi? Yamekaa juani mwezi mzima! Hebu ng'ata hata punje moja."

"Baba, hapana ni hapana."

"Binti, si urudie tu kupima?"

"Sirudi nyuma!"

Madereva wa malori ya foleni, watu ambao siku nzima hawana cha kutazama, wakaanza kushuka mmoja mmoja. Mimi nikapanda juu ya gunia. (Ndiyo. Nilipanda juu ya gunia.) Nikainua chupa kama nimechukua kombe. "Mnaona wenyewe!"

Waliona. Waliona na chuchu, na yule sungura aliyechorwa ubavuni. Neema naye mgongoni akaiona, akajua ni yake, akainyooshea mikono na kuangua kilio. Nikakaza shingo. Akazidi. Dereva mmoja akapaza sauti:

"Dada, mpe mtoto uji wake!"

Ghala zima likacheka. Na katikati ya kicheko nikamwona Mama Mutale, kasimama getini, sijui tangu saa ngapi.

Akanyoosha mkono, nikampa chupa. Akamimina yaliyomo, akapitisha kidole ndani, akanionyesha. Maji.

"Uliiosha lini?"

"Asubuhi, mama."

Hakufoka. Alivuta droo ya meza, meza ile ile niliyoegemea muda wote, akatoa chupa ya kioo na chumvi iliyokaushwa. Akachota mahindi kwenye magunia ya juu, ya kati, ya chini. Akatikisa, akaweka mezani, akasubiri. Mzee anahema. Madereva wanahema. Yeye anajifunga kanga vizuri. Sijawahi kuona mtu akinyamaza kwa nguvu namna ile.

Chumvi ikadondoka yote.

"Makavu. Shusheni. Baba, tumekukosea, utusamehe." Halafu akagusa gunia moja la pembeni, turubai lilipotoboka, akalipima peke yake. "Hili hapana."

"Mama, gunia moja tu..."

"Awe, baba." Kibemba hicho, hapana. Akaisema taratibu kama anambembeleza mtoto, na mzee mwenyewe akaliweka kando. Mimi nilipiga kelele juu ya gunia sikusikilizwa hata na mwanangu!

Akaniita pembeni. "Lile neno ulilielewaje?"

Nikamwambia ya shemeji. Akacheka kwa mara ya kwanza.

"Huyo ni mwenye haraka. Decisive anaangalia cha kutosha, anaamua, anasimama hapo hapo. Akijua kakosea, anaamua upya, wala hajifichi. Sasa, kazi unaitaka au huitaki?"

Na mimi, mwanamke wa "very decisive", nikajibu:

"Ngoja kwanza nikamuulize mume wangu."

Kisha mzee wa Iyula, kutoka huko kwenye magunia yake: "Binti! Hapana uliijua haraka, ndiyo imekushinda?"

Wakacheka upya, hadi muuza mayai. Nikasimama. Nikaangalia cha kutosha: mume wangu ndiye aliyenipigia pasi hii sketi alfajiri. Kuna cha kumuuliza tena?

"Naitaka, mama."

"Kesho saa moja. Uje na maswali."

Basi msinicheke, Neema ameshanitosha. Chupa nimeiosha mara tatu na bado anaitazama kama ushahidi. Na huyo shemeji namsikia anafungua geti. Nimeangalia cha kutosha, nimeamua, na mwiko uko mkononi.