Kiungo cha Mheshimiwa Chakosa Mdhamini

Ijulikane kwa umma, kwa majirani wa umma, na kwa wageni watakaopita hapa kwa bahati mbaya, kwamba kuanzia leo hakuna kiungo cha kubonyeza kitakachofunguka ndani ya waraka wowote wa PDF wa Idara ya Maji bila kufanyiwa usaili na kuleta mdhamini.

Aliyetia saini tangazo hilo ni Kaimu Mkurugenzi, mtu mnene wa maneno na mwembamba wa cheo. Hilo neno "Kaimu" lilimkaa kooni miaka nenda miaka rudi, halishuki wala halitoki. Sasa Waziri alikuwa anakuja kuzindua fomu ya kuomba maji kwa kompyuta. Uzinduzi ukifana, Kaimu atathibitishwa kazini. Ukiharibika, atastaafu na ukaimu wake.

Fomu yenyewe ilikuwa nzuri, ina nembo pande zote. Chini kabisa, kwa rangi ya buluu, iliandikwa: "Bonyeza hapa kutuma maombi." Watu wakibonyeza, hawafiki popote. Kinachotokea ni kisanduku kinachouliza: "Waraka huu unataka kukupeleka kwenye tovuti nyingine. Je, unaiamini?"

Kaimu alilisoma swali, akavua miwani.

"Kumbe kompyuta ina adabu kutushinda," alimwambia fundi wa kompyuta, ambaye ofisi nzima ilimwita Waya. "Inauliza kwanza. Sisi tutaiaminije tovuti hatujui kwao?"

"Bosi, hiyo linki ni ya wizara yetu wenyewe. Naingia kwenye mipangilio, natia tiki, yameisha. Dakika moja tu."

"Dakika moja ndiyo iliyowaozesha mabinti wa watu kwa matapeli."

Basi Waya akaamriwa kukiondoa kitufe cha "Ruhusu", na mahali pake akaweka nafasi ya mdhamini kugusisha kidole. Likaundwa Jopo la Usaili wa Viungo. Kompyuta ikaletwa, ikakalishwa kitini, ikaulizwa kwa upole inatoka wapi, inaelekea wapi, na kama imewahi kufungwa. Ilipokaa kimya, katibu wa jopo aliandika: "Msailiwa amekataa kutoa ushirikiano." Huko nje mabomba ya mji yalikuwa yakikohoa hewa, na foleni ya waombaji ilikwisha kulizunguka jengo, mkia ukakutana na kichwa, watu wakawa hawajui nani wa kwanza.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa pomoni. Waziri alihutubia mpaka maua ya mezani yakainama, kisha akabonyeza. Ukutani, kwa herufi kubwa kama milango, kukatokea: "Tafadhali leta mdhamini."

Waziri akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake.

"Nini hii?"

"Utaratibu, Mheshimiwa," alisema Kaimu, kifua mbele. "Kiungo ni cha wizara yako, kwa hiyo anayedhaminiwa ni wewe. Kikiwapotosha watu, mdhamini anapoteza kazi."

"Haya, ndugu zangu. Nani ananidhamini?"

Ukumbi mzima ukaanza kukagua viatu vyake. Msaidizi wa Waziri alikumbuka simu ya haraka. Mama mmoja wa mstari wa mbele, ndoo tupu mapajani, akamwonea huruma.

"Nisingekunyima, mwanangu. Lakini majirani niliwaambia umeahidi bomba, na mpaka leo hawanisalimii."

Ndipo akainuka shangazi yake Waziri, aliyeletwa kwa gari la wizara ili apige vigelegele. Watu wakapumua.

"Mimi huyu nimemlea," akasema. "Namjua."

Akakaa.

Waziri akamvutia Kaimu pembeni, akamnong'oneza, akisahau kwamba kipaza sauti kimebanwa kwenye koti lake. "Nidhamini wewe bwana, unaniaibisha."

"Ningependa sana, Mheshimiwa," ukumbi wote ukasikia. "Ila mtumishi hadhamini kabla ya kuthibitishwa kazini. Nami ni Kaimu."

"Tangu sasa si Kaimu. Mkurugenzi kamili. Leteni karatasi."

Karatasi ikaletwa, Waziri akaitia saini juu ya mgongo wa msaidizi wake. Makofi yakapigwa. Mkurugenzi akatoa leso, akajifuta uso, shingo, na cheo chake kipya. Akaisogelea kompyuta, akanyoosha kidole. Kidole kikafika karibu, kikasimama hewani.

"Weka basi, mzee," alisema Waziri huku ameuma meno.

"Mheshimiwa," alijibu Mkurugenzi kwa heshima zote, "dakika tano zilizopita ningeweka hata vya miguu. Sikuwa na cha kupoteza. Sasa nina kazi."

Waziri akageuka kuidai karatasi yake. Lakini msaidizi, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kuharakisha jambo lolote, alikuwa ameshaikimbiza masjala. Na katika masjala ya wizara, kama anavyojua Waziri kuliko sote, haijawahi kuingia karatasi ikatoka.