Kibanio Kimoja, Mawimbi Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mama Profesa ametutangazia. Meza ya leza ni moja, sisi ni wawili, mwaka ni mrefu. Kila mmoja amepewa kipande cha kioo kilichopakwa utando nusu yake, vyote viwili kutoka kiwanda kimoja, siku moja. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele mara mia kadhaa. Atakayepima unene wake kwa usahihi zaidi atapata meza mwaka mzima. Atakayeshindwa atashuka chumba cha chini kusahihisha ripoti za mwaka wa kwanza, na utafiti wake utasubiri. Siku ya kuonyesha ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Mshindani wangu ni Rula. Tunamwita hivyo kwa sababu hutembea amenyooka na hupigia mstari kila anachoandika. Asubuhi meza ni yangu, mchana ni yake.

Njia yangu ni bora. Nasema hivyo kwa unyenyekevu. Mwale mmoja wa leza naugawa uwe mawimbi mawili: moja linatikisika wima, jingine mlalo. Yanasafiri bega kwa bega. Moja linapita kwenye utando, jingine pembeni yake, kwenye kioo kitupu. Lililopita kwenye utando linachelewa. Kuchelewa huko ndiyo awamu, na awamu ndiyo ninayoiwinda. Ila wima na mlalo hawajuani. Wanapita mlango mmoja bila kusalimiana. Mpaka niweke kichujio, kioo kinachopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu, nikakiinamisha katikati ya wima na mlalo, ndipo wanalazimika kupatana, na papo hapo skrini inajaa mistari: nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi. Nikizungusha kichujio, mistari inatembea. Nakigeuza kwa vidole viwili tu na giza linahama.

Leo nimekizungusha mara arobaini. Mara nne zilikuwa za kisayansi.

Nimepima utupu kama Mama Profesa anavyodai, yaani mahali mistari inapokaa kabla kioo hakijawekwa. Nimeandika. Sasa mkakati. Kibanio cha kushikia vioo ni kimoja tu maabara nzima. Bila kibanio, Rula hawezi kusimamisha kioo chake. Kibanio kiko mkobani mwangu.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo ambalo sikuliona jana. Kibanio kimepotea rasmi, kwa hiyo hata mimi siwezi kuonekana nacho. Dada Fundi, mtunza vifaa wetu, amekitafuta hadi nyuma ya sinki. Nimemsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa uchungu kiasi kwamba alinionea huruma, akaniambia nikakae.

Suluhisho: selotepu. Nimeweka kioo kwenye fremu na kukifunika chote kwa ukanda mpana wa selotepu safi. Haionekani. Mwale unapenya kama hakuna kitu. Akili ni mali.

Na mistari imesogea! Nimepiga picha nne, kichujio katika pembe nne, nikafanya hesabu. Nanomita 348. Ukiigawa mita moja mara bilioni moja, vipande 348 ndivyo vyangu. Nilikaa sakafuni. Kitu ambacho jicho halitakiona milele kimeniambia kimo chake kama mtoto aliyeegemezwa mlangoni kupimwa.

Mchana Rula alikuja, akaambiwa habari za kibanio, akasema pole, akatoa mfukoni kibanio cha kuanikia nguo. Anatembea nacho. Sijui ni mtu wa aina gani.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi, ninayeishi kwake, ni fundi cherehani. Jana alitafuta mkasi mkobani mwangu, akakuta kibanio. Leo kinashikilia ukosi wa shati la mteja. Nilimwomba anirudishie. Akasema kimekaa pale kama kimezaliwa pale.

Aliniuliza, bila kuinua macho kwenye kitambaa, ninapima nini hasa siku hizi. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mikono, wima na mlalo. Alinisikiliza mpaka mwisho wa mshono.

“Kwa hiyo unapima kitu kisichoonekana, kwa kitu kisichoshikika.”

Nikasema ndiyo, ndiyo maajabu yenyewe.

“Na ukikosea, nani atajua?”

Nikasema watajua tu.

“Watajuaje? Mimi nikikosea, mwenye suruali anashindwa kukaa. Wewe ukikosea, nani anashindwa kukaa?”

 Nitalala nikifikiria. Shangazi angekuwa mtahini mbaya sana.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya hujuma. Imeharibika, na sijui kama najuta.

Rula hutumia njia ya zamani. Mawimbi yake mawili hupita njia mbalimbali, moja huku, moja kule, yanaakisiwa na vioo na kukutana mwishoni. Hewa ya njia moja ikibadilika kidogo tu, mistari yake inayumba. Mpango ulikuwa hivi: akitoka kwenda kuchota maji, nipashe njia moja joto kwa kiganja, nimharibie vipimo vya mchana mzima, niondoke nikipiga mluzi.

Alitoka. Nikaweka kiganja chini ya mwale, bila kuugusa. Nikatazama skrini.

Mistari yake iliyonyooka kama yeye mwenyewe ilianza kupinda. Ikapanda. Ikajikunja taratibu, kama moshi wa ubani, kama nywele ndani ya maji. Lilikuwa joto la mkono wangu. Miaka ishirini na mitano nimetembea na moshi huu juu ya ngozi, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilipokunja kidole, nao ulijikunja. Nilipopumua, chumba kizima kilipumua kwenye skrini. Nilisahau kuondoka. Nilisahau mluzi.

Rula alikuwa amesimama nyuma yangu na jagi la maji. Sijui tangu lini. Nikasubiri matusi.

“Rudisha mkono,” akasema kwa sauti ya chini. “Kidole gumba hakikuonekana vizuri.”

Tulisimama hapo nusu saa. Yeye naye akaweka mkono wake. Wake una moshi mwembamba, ana baridi huyu mtu. Kisha akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini namba zake zinarukaruka: ni joto letu sote, sisi tunaozunguka meza mchana. Akanishukuru. Akaniita mwenzangu.

Nimemsaidia adui. Nimemsaidia kwa mkono wangu mwenyewe, wa kulia.

Jumatatu, 10 Machi

Rula sasa anakuja alfajiri, jengo likiwa tupu na hewa imetulia, kabla ya zamu yangu. Njia zake amezifunika kwa maboksi ya viatu. Meza inaonekana kama duka la viatu, lakini mistari yake haitikisiki hata lori likipita. Haya yote yametokana na mimi.

Mama Profesa amepita. Ni mwanamke mfupi anayeuliza maswali mafupi. Akaniuliza: nimepima utupu? Nikasema ndiyo. Akauliza lini. Nikasema Jumatatu. Kwa kuwa leo ni Jumatatu pia, aliitikia kwa kichwa, akaenda. Sikudanganya. Nilipima Jumatatu. Kupima utupu kila asubuhi ni kazi ya watu wasiojiamini, na inanila dakika ishirini ninazoweza kutazama mistari.

Nimepima tena: 348. Jumanne 348. Namba haiyumbi. Nusura nimkumbatie mtu.

Jumatano, 12 Machi

Nimechungulia daftari la Rula alipokwenda kunawa. 97. Imepigiwa mstari mara mbili.

Nimecheka mpaka Dada Fundi akaniuliza kulikoni. Maskini Rula. Maboksi yote yale. Nilitaka kumwonya, kisha nikakumbuka meza. Nikamwambia Dada Fundi aniandalie sehemu ya kuwekea vitabu vyangu karibu na dirisha kuanzia Jumatatu. Akasema, “Usitandike kitanda kabla mgeni hajabisha hodi.” Watu wa vifaa wana maneno mengi.

Jioni nimeandika hotuba ya shukrani. Rula nimemtaja, kwa ukarimu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haya chooni. 

Rula alianza. 97, akakaa. Nikafuata. Nikasema 348 kwa sauti niliyoifanyia mazoezi. Rula alinitazama kwa huzuni, nami nikamtazama kwa huzuni. Kila mmoja alimhurumia mwenzake.

Mama Profesa aliinamia fremu yangu. Akauliza hii ni nini. Nikasema selotepu tu, kibanio kilipotea. Dada Fundi akasema, “Kilipotea,” kwa namna fulani.  Mama Profesa akakibandua kioo polepole, akakiweka mezani. Fremu ikabaki na selotepu peke yake. Hakuna kioo, hakuna utando.

Mistari ilirudi nyuma kidogo. Kidogo tu. Kisha ikatulia, mbali kabisa na utupu wangu wa tarehe tatu.

 Ilikuwa imesogezwa na selotepu. Siku kumi nimekuwa nikipima selotepu.

Mama Profesa alieleza kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. Plastiki ya selotepu huvutwa kiwandani inapotengenezwa, na mvuto huo unabaki ndani yake. Wimbi la wima linapita kwa mwendo mmoja, la mlalo kwa mwingine. Jicho halioni kitu. Njia yangu inaona, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Akazima leza, akawasha taa nyeupe, akabandika vipande vya selotepu tabaka juu ya tabaka, kimoja, viwili, vitatu, akaviweka kati ya vichujio viwili.

Rangi. Waridi, kijani, samawati, dhahabu, kila tabaka na rangi yake, kama dirisha la kasri. Kutoka kwenye selotepu isiyo na rangi. Tulijazana wote pale tukigongana vichwa. Nilisahau kwamba nimeshindwa. Nilisahau kwa dakika tano nzima.

Kisha Mama Profesa akapima tofauti kwa mashine yangu: mistari yenye kioo, kutoa mistari ya selotepu. 96. Akafungua bahasha ya kiwanda. 96.

Si 97. Tisini na sita, sawasawa.

Nikasema kwa hiyo mashine yangu imeshinda. Mama Profesa akasema mashine yako, ndiyo. Namba uliyoiandika wewe ni 348. Meza akapewa Rula.

Jumatatu, 17 Machi

Chumba cha chini. Ripoti hamsini na mbili za mwaka wa kwanza. Dirisha moja.

Shangazi amemaliza lile shati, kwa hiyo nimerudisha kibanio asubuhi. Nilisema nimekiokota ngazini. Dada Fundi alikigeuza, akavuta uzi wa bluu uliojiviringa kwenye skrubu yake, akaniuliza tangu lini ngazi zinashona. Nimeomba radhi. Nimemwomba radhi Rula pia. Akasema hakuna neno, na kwamba niwe napanda kuona mistari nikitaka. Mtu mzuri. Nimeamua kuishi kwa uwazi.

Mama Profesa ameniruhusu kuchunguza plastiki nikimaliza ripoti. Nikitoa kitu cha maana, atafikiria kuigawa meza. Kwa hiyo ripoti zitasubiri.

Huku chini taa nzuri ni moja, na wa mwaka wa kwanza wangeichezea. Nimeifungia kabatini kwangu, kwa usalama wake. Bila shaka sasa siwezi kuonekana nayo. Si neno: natumia mwanga wa anga kutoka dirishani. Nimesimamisha kifuniko cha boksi la chakula mbele ya dirisha, na kichujio kimoja mbele ya jicho.

Rangi zimetokea. Kwa kichujio kimoja tu, kana kwamba anga yenyewe ndiyo kichujio cha pili! Na si hilo pekee. Saa tatu kona ya kifuniko ilikuwa ya samawati. Saa tano ikafifia. Saa saba ikawa ya dhahabu. Nimekaa hapa tangu asubuhi, sijala. Dirisha halijasogea. Kifuniko hakijasogea. Mimi sijasogea. Kwa hiyo plastiki yenyewe inabadilika kwa ndani, polepole, mchana kutwa, na katika historia yote ya vifuniko hakuna aliyewahi kukaa kuitazama.

Dada Fundi alishuka kuulizia taa. Nilimsaidia kutafuta. Akaona rangi, akatazama dirishani, akauliza kama jua nalo lilikuwa limesimama muda wote huo.

Nikamwambia kwa upole kwamba mimi sipimi jua.